Bustani ya Amani: anza na pua

Kila mwaka nawapeleka wanafunzi wangu kwenye bustani ya mimea ya Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, na siku hizi sianzi na historia. Naanza na pua.

Walimu wenzangu, tokeni Muheza alfajiri, mpande hadi Sigi. Hapo mtalipa kiingilio na kuchukua mwongozaji. Msiachane naye, kwani yeye ndiye ajuaye mti gani umesimama wapi katika hekta zaidi ya 300. Wakati wa masika kona za kupandia huteleza mno, gari dogo liacheni nyumbani.

Bustanini okoteni jani lililoanguka, msichume. Lifikicheni viganjani, mnuse. La mdalasini halimpotezi mtu. Kisha nendeni kwenye mkafuri. Safari moja binti alinusa, akanyamaza, halafu akasema: "Mwalimu, hii harufu ni ya siku tuliyomzika bibi." Kweli, ni kafuri ile ile inayotiwa kwenye maji ya kuoshea maiti. Tangu hapo, chini ya mti huo nawaacha watoto wakae kimya kwanza.

Kisha waulizeni: mti wa Asia ya Mashariki umefikaje Usambara? Historia itaingia yenyewe. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapa kituo cha utafiti, wakapanda miti ya kila pembe ya dunia wakitafuta itakayowaletea faida. Mkwinini ulikuja hivyo. Vita Kuu ya Kwanza ilipowafungia bahari, magome yake yakawapa dawa ya malaria. Ombeni mwonyeshwe pia mti uitwao mhesi. Nao uliletwa, hondohondo wakala matunda yake wakatawanya mbegu, na leo umeingia ndani kabisa ya msitu wa asili. Mimi huo unaniuma kuliko yote, kwa hiyo hapo nakaa sana.

Mkishuka, tafuteni miamba yenye kivuli na unyevu, mchuchumae. Mtaona ua dogo la zambarau liitwalo Saintpaulia, majani yake yana vinyweleo laini. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake ua hili Ujerumani. Sasa limejaa madirishani Ulaya na Marekani. Kwao ni hapa. Wanafunzi waliguse kwa ncha ya kidole, mmoja mmoja, maana udongo unaoshika mizizi yake jiweni ni mwembamba kama daftari.