Namna ya kumweleza daktari sonona mpaka akuelewe

Mimi ni fundi cherehani, niko Ngamiani, Tanga. Nashona sare za shule, kanzu, na magauni ya shughuli. Ilinichukua miezi mitano na safari sita za hospitali mpaka nikapata dawa ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito na kukosa hamu ya kila kitu, na lawama nyingine ni yangu mwenyewe, maana kila nikifika nilikuwa naeleza mwili tu.

Safari ya kwanza nilisema kichwa kinauma. Nikatobolewa kidole, malaria hakuna, nikapewa panadoli. Ya pili nikasema tumbo linawaka, nikapewa omeprazo. Ya tatu kifua kinabana. Wakanipima presha, wakaniambia nipunguze chumvi. Nilichosema kilikuwa kweli kila mara, na nilichopewa kilikuwa jibu la nilichosema. Daktari ana watu arobaini kwenye foleni. Ukimtajia kichwa, atatibu kichwa.

Kwa hiyo kabla hujapanda daladala, tafuta daftari.

Langu lilikuwa lile la oda. Naandika jina la mteja, vipimo, tarehe ya kuchukua, na nguo ikiisha nachora mstari wa wino mwekundu. Mwezi wa kumi na mbili, msimu wa sare, mke wangu alilifungua akitafuta namba ya simu ya mteja, akakuta kurasa nne hazina mstari mwekundu hata mmoja. Oda kumi na saba. Na kila siku nilikuwa nafungua banda saa mbili asubuhi! Nakaa, mguu uko kwenye pedeli, haukanyagi. Juzi yake nilikuwa nimekata shati la mtoto wa darasa la tatu, mikono yote miwili ya kushoto. Nina miaka ishirini na mbili kwenye kazi hii.

Akaniambia, "Baba Zuhura, hii si malaria."

Andika nini? Usiandike "nina mawazo". Nani hana mawazo? Ada ya shule ni mawazo, kodi ya banda ni mawazo. Andika kitu kinachohesabika. Mimi niliandika hivi: tangu baada ya Maulidi naamka saa tisa usiku, sirudi kulala mpaka adhana ya alfajiri. Suruali niliyokuwa naifunga tundu la tatu la mkanda sasa naifunga la tano. Oda 17 zimelala. Sijaenda barazani kwa Mzee wetu wa bao tangu sijui lini, na sitamani kwenda. Hilo la mwisho nilikuwa naliona dogo, kumbe kwa wauguzi ni kubwa: kitu ulichokuwa unakipenda kimekuwa majivu mdomoni.

Andika pia kama umewahi kupitia kipindi cha kinyume chake, siku nyingi hulali na huchoki, unaongea mbiombio, unatapanya pesa. Mtu wa namna hiyo akipewa dawa ya sonona peke yake inaweza kumrusha juu zaidi, na daktari hawezi kulijua usipomwambia.

Daftari linahitajika kwa sababu sonona haina kipimo cha damu. Damu wanaweza kuipima ili kuondoa mengine, kama upungufu wa damu au tezi ya shingo, lakini kipimo cha sonona yenyewe ni maneno yako. Lipo dodoso la maswali tisa, PHQ-9, lililochapishwa Marekani mwaka 2001 na ambalo siku hizi lipo kwa Kiswahili. Kila swali linauliza juu ya wiki mbili zilizopita: hapana kabisa ni 0, siku kadhaa ni 1, zaidi ya nusu ya siku ni 2, karibu kila siku ni 3. Jumla haizidi 27. Ukifika 10, inabidi uangaliwe kwa karibu. Kuna pia la kwetu, la maswali 19, ambalo Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walilitolea utafiti mwaka 2008, lililotokana na namna watu wa Dar es Salaam wenyewe wanavyoieleza dhiki yao.

Sasa dirishani. Hapa ndipo mimi nilipopoteza wiki mbili. Sehemu moja, siitaji, nilimnong'oneza karani kwamba natafuta huduma ya akili, naye akaita kwa sauti ya mnadani, "Huyu wa akili, apite kule!" Benchi zima likageuka. Niligeuza nikarudi nyumbani. Kwetu Tanga mtu akisikia akili anawaza Lutindi, kule milimani Korogwe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya tangu enzi za Wajerumani; tulikuwa tukitishana nayo utotoni. Wa bara wana Mirembe yao, kule Dodoma. Ukweli ni kwamba watu wengi wenye sonona hawalazwi popote. Wanapewa tarehe, wanarudi nyumbani kupika.

Ukifika dirishani sema hivi: "Naomba kujua kliniki ya afya ya akili ni siku gani." Basi. Hospitali nyingi za wilaya zina siku maalumu, si kila siku. Ukiona aibu, iandike kwenye karatasi na uipitishe pamoja na kadi. Kama uko zahanati na hakuna anayejua, ulizia mratibu wa afya ya akili wa wilaya ni nani na anapatikana wapi. Nenda na mtu mmoja anayekuona kila siku, maana wewe mwenyewe siku hiyo utasema "sijambo" kwa mazoea.

Mimi nilisema. Muuguzi, binti wa umri wa kuwa mwanangu, aliniamkia, nikaitikia marahaba, akauliza habari za nyumbani, nikasema nzuri. Mke wangu akaniwekea daftari mapajani. Binti akalisoma kimya, akafika kwenye zile 17. Akaanza kuuliza yale tisa polepole. Kwenye la nane, la mwili kuwa mzito au kutotulia, nilimsimulia pedeli. Hakuandika mara moja. Aliuliza, "Baba, mguu unakataa, au wewe huoni sababu ya kuukanyaga?" Nikalia pale pale, mwanamume mzima na tepu shingoni, nilikuwa nimesahau kuivua.

Swali la tisa linauliza kama umewaza kuwa bora ufe, au kujidhuru. Lijibu kwa ukweli. Watu wanaogopa polisi, na ni kweli kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu yetu kinataja kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya, Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Lakini kifungu chetu kinasema kujaribu. Kuwa na mawazo hayo si kosa, na kumwambia muuguzi ndiyo njia ya kupona. Kama mawazo hayo yamefika hatua ya kupanga, usisubiri siku ya kliniki: nenda idara ya dharura leo hii, usibaki peke yako, na mwenzako aondoe dawa na sumu ya panya ndani ya nyumba.

Nilipata alama 19.

Dawa zinazopatikana zaidi kwetu ni mbili, amitriptilini na fluoksetini. Ya kwanza humezwa usiku, inaleta usingizi, inakausha mdomo, inafunga choo, na ukisimama ghafla unaona giza. Ikizidi kipimo ni hatari sana kwa moyo, kwa hiyo ifungie mbali na watoto. Ya pili mara nyingi humezwa asubuhi. Wiki ya kwanza inaweza kukutia kichefuchefu na kukukosesha usingizi. Usiichanganye na tramadoli, na mwambie daktari kama unatumia dawa za kienyeji. Kijana chini ya miaka 25 aangaliwe kwa karibu wiki za mwanzo, kwani mawazo ya kujidhuru yanaweza kuzidi kabla ya kupungua.

Jambo lililonikera ni kwamba hakuna aliyenionya juu ya mpangilio wake: madhara yanatangulia, nafuu inakuja baadaye. Wiki mbili nilikuwa natapika uji na moyo uko vilevile. Watu wengi huachia hapo na kusema dawa ya hospitali imeshindwa. Vumilia mpaka wiki ya nne, ya sita, ndipo uhukumu, tena pamoja na daktari. Na ukipona, usiache. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kuendelea miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha, halafu kupunguza taratibu.

Ulizia vilevile matibabu ya kuzungumza. Ukiambiwa hayapo kwa kuwa hakuna mtaalamu, jua kwamba mtaalamu si lazima. Kusini mwa Uganda, wilaya za Masaka na Rakai, watafiti walichukua vijiji 30. Katika baadhi yake watu wenye sonona walikaa vikundi mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji wasio wauguzi waliofundishwa wiki mbili tu. Matokeo yalitoka mwaka 2003: waliobaki na sonona vikundini walikuwa 6.5%, na kwenye vijiji visivyo na vikundi 54.7%. Kabla ya kuanza, watafiti waliuliza kwanza watu wanaiitaje hali hiyo, wakaambiwa kwa Kiganda yo'kwekyawa, kujichukia, na okwekubazida, kujihurumia. Harare, Zimbabwe, nako, daktari Dixon Chibanda aliwaweka bibi wa mtaani kwenye benchi nje ya zahanati wazungumze na wagonjwa. Utafiti wa mwaka 2016 wenye wagonjwa 573 ulikuta baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi wenye sonona ni 13.7%, wasiokaa 49.9%. Mabenchi hayo yamefika hadi Zanzibar.

Bibi hatoi hotuba. Anakuomba utaje matatizo yote, uchague moja, useme utafanya nini juu yake wiki hii. Yule binti alinifanyia hivyohivyo na daftari. "Katika hizi 17, ipi inakunyima usingizi?" Nikasema la yule mtoto wa mikono ya kushoto. Tukakubaliana: kesho kitambaa, keshokutwa kukata, basi, zile 16 nisiziguse. Ilinichukua siku tano shati ambalo zamani ni kazi ya saa mbili. Nilichora mstari mwekundu. Watano niliwarudishia pesa zao. Mmoja alinitukana, wanne wakaniuliza hali.

Shehe wetu alinisomea pia, na sijutii. Ila ukimwendea mtu wa dua akakwambia uache vidonge, huyo mshukuru, uondoke.

Ukirudi kliniki, omba waulize maswali yaleyale na waandike alama mpya pembeni ya ya zamani. Mimi nilitoka 19, nikaja 11, sasa niko 4. Nyingi katika hizo 4 ni za usingizi: bado naamka saa tisa, ila nageukia upande wa pili. Dawa nameza na uji, kabla sijaifunua cherehani.