Jinsi ya kukisia kiwango cha mauaji cha nchi, na mwiba ulionipotezea siku tatu

Wiki iliyopita nilikaa na mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyekwama. Alikuwa na data ya mauaji ya Uingereza na Wales ya miaka ishirini na kitu, modeli yake haina kosa la wazi, lakini makisio yakitoka hayaeleweki. Nilipoiona grafu yake nilicheka, maana mwiba huo ulishanichoma mimi. Nimeandika hapa tulivyofanya, ili mwingine asipitie huko huko.

Hatua ya 1: Chagua chanzo kimoja ukae nacho

Kuna njia mbili za kuhesabu waliouawa. Polisi wanahesabu majalada, na hospitali na ofisi za vizazi na vifo zinahesabu vyeti vya vifo. Takwimu za UNODC (ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu) kwa sehemu kubwa zinatoka kwa polisi na vyombo vya sheria. Za WHO (Shirika la Afya Duniani) zinatoka kwenye vyeti, na ukizitafuta kwa misimbo ya ICD-10, orodha ya kimataifa ya magonjwa na sababu za vifo, mauaji yako X85 hadi Y09.

Usiunganishe hizi mbili, hata kama moja ina mapengo. Marekani, mwaka 2001: FBI iliwaweka kando waliokufa Septemba 11 katika majedwali yake ya kawaida ya mauaji, ilhali takwimu za vyeti vya vifo ziliwahesabu. Ni watu karibu 3,000. Ukirukia chanzo kingine katikati ya grafu, utaona mlima ambao umeujenga mwenyewe.

Hatua ya 2: Gawanya kwa idadi ya watu

Waliouawa, gawa kwa idadi ya watu ya katikati ya mwaka, zidisha kwa 100,000. Watu 600 katika nchi ya milioni 60 ni 1.0. Lakini safu ya hesabu ghafi usiifute, utaihitaji kwenye modeli.

Hatua ya 3: Uliza kila namba imeandikwa mwaka gani, na mtu alikufa mwaka gani

Hapa ndipo siku zangu tatu zilipokwenda.

Takwimu za polisi za Uingereza na Wales zinapangwa kwa mwaka tukio lilipoandikishwa kuwa mauaji, na mwaka wenyewe unaanza Aprili hadi Machi. Sasa tazama mwaka ulioishia Machi 2003. Idadi inapanda na kupita 1,000, kisha inashuka. Mimi nilipoiona mara ya kwanza nilitafuta sababu kama mtafiti mwema. Nikaingiza unywaji wa pombe kwenye modeli, ukaonekana una uhusiano, na nikawa nimeshaandika aya mbili nzuri sana kuhusu pombe na ugomvi wa usiku.

Aya zote mbili zilikwenda kwenye pipa la taka. Mlima ule ni Harold Shipman, daktari aliyekuwa akiwaua wagonjwa wake. Uchunguzi wa umma ulipotoa ripoti yake ya kwanza mwaka 2002, waathirika zaidi ya 170 waliandikishwa kwa mkupuo mmoja, ingawa walikufa kwa miaka mingi kabla ya hapo. Shipman hakumuua mtu mwaka 2002, alikuwa gerezani. Mwaka ulioishia Machi 2017 nao una watu 96 wa Hillsborough, waliokufa kutokana na msongamano kwenye uwanja wa mpira mwaka 1989 na kuandikishwa kuwa mauaji baada ya uamuzi wa baraza la uchunguzi wa vifo mwaka 2016.

Ufanyeje? Kama unajua mwaka wa kifo, mrudishe mtu kwenye mwaka wake. Hillsborough ni rahisi: kama data yako inaanza 2000, wale 96 wanatoka kabisa. Shipman ni kazi ngumu zaidi, kwa hiyo tuliweka kigezo cha 0 na 1 (1 kwa mwaka ule mmoja, 0 kwa mingine yote), kisha tukaendesha modeli mara mbili, na kigezo na bila kigezo, tukaonyesha zote.

Ila sikiliza, maana hapa watu wanalewa. Ukishagundua dawa hii utatamani kuipaka kila kilima. Usithubutu. Oktoba 2019 watu 39 walikutwa wamekufa ndani ya lori kule Essex. Hao walikufa mwaka huo huo, na misiba ya namna hiyo inaweza kutokea tena. Ukiwafuta, mtawanyiko wa data unapungua kwa nguvu, na ukanda wa makisio yako (kutoka chini hadi juu ya unachotarajia) unakuwa mwembamba wa uongo. Kanuni yangu: ninarekebisha makosa ya kalenda tu. Msiba uliotokea kweli unabaki.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kabla ya modeli yoyote, soma maelezo madogo yaliyo chini ya majedwali, yote, hata kama yanachosha.

Hatua ya 4: Modeli

Tumia R, programu ya takwimu. Excel inafaa kuchungulia data. Si ya kazi hii. Na tafadhali usipige rigresheni ya kawaida (kuchora mstari wa kufuata data) kwenye viwango. Hizi ni hesabu za watu, kwa hiyo anza na Poisson, modeli ya kuhesabu matukio: idadi ya waliouawa upande wa kushoto, mwaka upande wa kulia, logi ya idadi ya watu kama ofseti, yaani namba inayoingia kama ilivyo ili modeli ijue ukubwa wa nchi. Amri ya glm ya R inatosha.

Kisha pima mtawanyiko. Poisson inadhani kila kifo kinakuja peke yake, na watu 39 wa lori moja wanatosha kuonyesha kwamba sivyo. Chukua jumla ya Pearson (kwa kila mwaka, tofauti kati ya hesabu halisi na ya modeli, ipige mraba, gawa kwa ya modeli, kisha jumlisha), gawa kwa digrii za uhuru (idadi ya miaka toa idadi ya namba ambazo modeli imekisia). Ikikaribia 1, umebahatika. Kwa wastani wa 600, Poisson tupu inakupa ukanda wa asilimia 95 wa takriban 550 hadi 650. Uwiano ukiwa 4, upana unazidishwa kwa mzizi wake, yaani 2: sasa ni 500 hadi 700. Hapo hamia kwasi-Poisson au binomia hasi, modeli zinazokubali mtawanyiko mkubwa zaidi.

Kwa nchi ndogo mambo ni makali zaidi. Nchi ya watu 400,000 ikitoka mauaji 2 kwenda 6, magazeti yatasema yameongezeka mara tatu. Kama wastani wa kweli ni 3, kupata 6 au zaidi kunatokea karibu mwaka 1 kati ya 12, bila sababu yoyote.

Hatua ya 5: Sababu

Fupi: ukiwa na mistari 20 ya miaka, usiweke sababu saba. Nyingi zinapanda na kushuka pamoja kwa bahati tu. Ukipata data ya jinsia, tenganisha. Duniani, takriban 8 kati ya 10 wanaouawa ni wanaume, na wanawake wanauawa zaidi nyumbani, na wenzi au ndugu. Hizo ni hadithi mbili tofauti.

Hatua ya 6: Kisia, kisha jipime na mvivu

Mvivu anasema mwaka ujao utakuwa kama mwaka huu. Ficha miaka mitano ya mwisho, kisia mmoja mmoja, linganisha. Modeli ikishindwa na mvivu, itupe, hata kama imekuchukua mwezi.

Usivuke miaka miwili au mitatu mbele. El Salvador mwaka 2015 ilikuwa juu ya 100 kwa kila watu 100,000. Kwa takwimu za serikali, mwaka 2023 ilikuwa chini ya 3. Marekani mwaka 2020 ilipanda karibu asilimia 30 kwa mwaka mmoja. Hakuna mstari wa 2019 uliokuwa ukielekea huko.

Hatua ya 7: Andika tarehe uliyopakua data

Mahakama ikiamua kwamba kifo hakikuwa mauaji, jalada linatolewa kwenye hesabu. Mwanafunzi wangu alikuwa na nakala mbili za jedwali moja, zimepishana miezi minane, na miaka ya mwisho hailingani. Alidhani amekosea kunakili.