Kununua uanachama wa klabu ya gofu kutoka kwa mwanachama anayeondoka

Wengi wetu huku Nyanda za Juu Kusini tumezoea uwanja wa Mufindi, ule ulio katikati ya mashamba ya chai. Anayehamishwa kikazi kwenda mji mwingine au nje ya nchi anaweza kukuta utaratibu mgeni kwake: uanachama unaouzwa na mwanachama mwenyewe. Somo hili ni la huyo.

Hatua ya kwanza ni kuomba katiba ya klabu na kuisoma kabla ya kuzungumza bei. Katika klabu nyingi uanachama ni wa mtu binafsi, hauuzwi wala haurithiwi, na anayekuuzia anakuuzia hewa. Kwingine klabu ni kampuni na mwanachama ana hisa anazoweza kuhamisha. Japani uanachama huuzwa hata kwa madalali, na walionunua kabla uchumi haujaporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliona bei ikianguka vibaya. Kwa hiyo nunua ili ucheze, usinunue kwa kutarajia faida.

Pili, uliza ni uanachama wa aina gani, kwa kuwa ule wa siku za kazi pekee hautakufaa ikiwa unapumzika Jumamosi.

Tatu, na hapa naomba tutulie, ni madeni. Mimi mwenyewe, katika klabu moja nisiyoitaja, nilimlipa muuzaji siku ileile tuliyopeana mkono, kisha ofisi ikanionyesha kwamba anadaiwa ada ya miaka 2 pamoja na bili ya baa ambayo sikunywa hata soda yake, na kwamba uhamisho hautapokelewa mpaka deni lote liishe. Tangu hapo nasisitiza barua ya klabu yenyewe, yenye tarehe na mhuri, inayoeleza muuzaji anadaiwa nini na ada ya uhamisho ni kiasi gani, maana ada hiyo huenda kwa klabu na isipotajwa mapema huvuruga hesabu yote.

Nne, andikeni mkataba unaosema wazi kwamba fedha zitakaa kwa wakili hadi kamati itakapokukubali kwa maandishi. Muuzaji hana mamlaka ya kukuingiza klabuni. Kwa kawaida utahitaji mwanachama wa kukupendekeza na mwingine wa kukuunga mkono, jina lako litabandikwa kwenye ubao wa matangazo, na kamati inaweza kukukataa. Wajue watu hao mapema, ikiwezekana kwa kucheza nao ukiwa mgeni.

Mwisho, kama ni hisa za kampuni ya hapa Tanzania, hati ya uhamisho ilipiwe ushuru wa stempu, kisha uhakikishe jina lako limeingizwa kwenye daftari la wanahisa na umepewa cheti kipya.

Maswali ya wanachama

Mafinga: Shikamoo mwalimu. Je, nikinunua uanachama ninapata na handikapu ya muuzaji?

Jibu: Marahaba. Hapana, handikapu, yaani idadi ya mapigo anayopunguziwa mchezaji kulingana na uwezo wake, ni ya mchezaji mwenyewe. Katika mfumo wa handikapu wa dunia ulioanza mwaka 2020, utawasilisha matokeo yako mwenyewe, na kiwango cha juu kabisa ni 54.

Tukuyu: Marehemu baba alikuwa na hisa za klabu. Kaka yangu amepata mnunuzi; tuuze?

Jibu: Poleni sana. Msiuze kabla mahakama haijateua msimamizi wa mirathi, kwa kuwa ndiye pekee mwenye haki ya kusaini uhamisho. Someni pia katiba, kwani uanachama unaweza kuwa umekoma alipofariki ingawa hisa zimebaki kuwa mali ya mirathi.

Njombe: Muuzaji anataka nusu ya fedha leo kwa simu, anasema anasafiri kesho.

Jibu: Usitume. Mwombe amwachie wakili wake mamlaka ya kisheria ya kusaini kwa niaba yake. Fedha zitamfikia hukohuko aliko, kamati ikishajibu.