Kabla ya Barua ya Kuachishwa Kazi: Afanye Nini Mwajiri, Afanye Nini Mfanyakazi

Nimekuwa ofisa utumishi kwa miaka mingi, na sasa nasuluhisha migogoro ya kazi. Mwajiri huja mezani na ushahidi wa kosa, mfanyakazi huja na uchungu wake. Mimi huanza na swali moja kwa wote wawili: kabla barua hii haijaandikwa, nani alimsikiliza nani? Mashauri mengi huinuka au huanguka hapo.

Siku za notisi, kima cha kiinua mgongo na muda wa kufungua malalamiko hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo visome katika sheria ya mahali unapofanya kazi. Misingi yake, hata hivyo, inafanana sehemu nyingi, nayo imeelezwa wazi katika Mkataba Namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, wa mwaka 1982, pamoja na Pendekezo Namba 166 la mwaka huo huo. Yanatakiwa mambo mawili yasiyobadilishana nafasi: sababu halali, na utaratibu wa haki. Sababu nzuri haifuti utaratibu mbovu.

Mwajiri, anza na sababu. Mkataba unazitaja tatu: uwezo wa mfanyakazi, mwenendo wake, au mahitaji ya uendeshaji wa shughuli zako. Amua yako ni ipi kabla hujashika kalamu, maana kila moja ina njia yake. Ninaowaona wakikwama ni wale wanaochanganya. Mtu haridhiki na utendaji wa mhasibu wake, anaona haya kumwambia, basi anaandika "tunapunguza wafanyakazi", na muda si mrefu anatangaza nafasi ile ile. Tangazo hilo ndilo huwa ushahidi wa kwanza dhidi yake.

Zipo pia sababu ambazo hazikubaliki hata zikipambwa vipi: uanachama wa chama cha wafanyakazi, kumlalamikia mwajiri kwenye mamlaka, ujauzito, likizo ya uzazi, majukumu ya familia, dini, rangi, jinsia, msimamo wa kisiasa. Kutokuwepo kazini kwa muda kwa ajili ya ugonjwa au kuumia nako si sababu halali.

Tatizo likiwa ni uwezo, usimwachishe mtu kwa udhaifu ambao hukuwahi kumwambia. Mpe maelekezo, mpe onyo la maandishi linalosema wazi kipi kinapungua, kisha mpe muda wa kutosha kujirekebisha. Hapa nawaomba waajiri waache tabia ya kumpa mtu tathmini nzuri kila mwaka ili kukwepa maneno. Siku mnapofarakana, tathmini hizo atazileta yeye.

Kwenye mwenendo ndipo penye mitego mingi. Niliwahi kusikiliza shauri la mtunza ghala aliyetuhumiwa kutoa mali bila kibali. Mwajiri alikuwa na picha za kamera, na kwa macho yangu picha zilionyesha alichodai. Lakini alimfukuza usiku ule ule kwa ujumbe wa simu. Mtunza ghala alipopata nafasi ya kusema, alieleza kwamba msimamizi wake ndiye aliyempigia simu na kumwagiza atoe mzigo, na rekodi ya simu ilikuwepo. Swali moja, lililoulizwa siku iliyofuata, lingempeleka mwajiri kwa mtu aliyestahili kuulizwa. Ndiyo maana Mkataba unataka mfanyakazi apewe nafasi ya kujitetea kabla ya kuachishwa. Kumsikiliza ni sehemu ya kuutafuta ukweli.

Kwa hiyo andika barua ya tuhuma inayojibika. "Umekuwa mzembe" haijibiki. "Tarehe 4, saa nane mchana, ulitoa katoni sita ghalani bila hati iliyosainiwa" inajibika. Mpe muda wa kutosha kuandaa majibu, mwonyeshe ushahidi utakaotumia, mruhusu aje na mtu wa kumsaidia. Mwenyekiti wa kikao asiwe yule aliyeleta tuhuma wala shahidi wake. Katika ofisi ndogo hili ni gumu, najua, lakini mtu wa nje mwenye busara anaweza kuombwa aongoze. Muhtasari uandikwe hapo hapo, na kila upande usaini.

Mkiona kosa limethibitika, bado kuna swali la pili ambalo wengi hulisahau: adhabu. Msikilize tena juu ya hilo peke yake. Amefanya kazi miaka mingapi? Amewahi kuonywa? Mwenzake aliyefanya kosa kama hili alipewa nini? Ukimfukuza huyu na ulimwonya yule, uwe na maelezo. Na usikae na kosa miezi kadhaa ukilitumia kama akiba. Pendekezo Namba 166 linasema mwajiri asiyechukua hatua ndani ya muda unaofaa tangu ajue kosa ahesabiwe ameachia haki yake ya kumwachisha mtu kwa kosa hilo.

Sasa ndugu yangu mfanyakazi. Ukipewa barua ya tuhuma, usiichane wala usigome kuipokea. Kusaini kwamba umepokea si kukiri kosa. Kama una wasiwasi, andika kwa mkono wako: "Nimepokea, sikubaliani na yaliyomo," weka tarehe, na ubaki na nakala. Jioni hiyo hiyo andika kisa chote unavyokikumbuka, nani alikuwepo na nani alisema nini. Kumbukumbu hufifia haraka kuliko tunavyodhani.

Usijiuzulu kwa hasira. Wapo wanaoambiwa, "Andika barua mwenyewe, tutakusaidia," wakaiandika, kisha wakaja kwangu wakidai wamefukuzwa. Ukishajiuzulu kwa saini yako, mzigo wa kueleza kwamba ulilazimishwa unakuwa wako. Ukifukuzwa, Mkataba Namba 158 unakulinda usiubebe peke yako mzigo wa kuthibitisha kwamba hapakuwa na sababu ya haki. Tofauti hiyo ni kubwa sana. Vilevile, endelea kufika kazini mpaka uambiwe kwa maandishi kwamba umesimamishwa, la sivyo utoro utakuwa tuhuma mpya, na hii utakosa majibu yake.

Kutokuwa na mkataba wa maandishi kusikukatishe tamaa. Pendekezo Namba 198 la ILO la mwaka 2006 linaelekeza kwamba uhusiano wa ajira utambuliwe kwanza kwa hali halisi: nani anakupangia kazi na saa, vifaa ni vya nani, unalipwa kwa vipindi gani. Hata ukiitwa kibarua, au "mkandarasi", hayo ndiyo yatakayotazamwa. Tunza ujumbe wa zamu, kumbukumbu za malipo, picha ya kitambulisho chako cha kazi. Nyaraka za siri za ofisi usizibebe, zitakuletea kesi nyingine.

Wote wawili, fungeni hesabu vizuri. Mkataba Namba 95 wa ILO wa mwaka 1949 unataka mshahara wote uliobaki ulipwe ajira inapokoma, ndani ya muda uliowekwa na sheria au, kama haukuwekwa, muda unaofaa. Hesabuni siku za likizo ambazo hazikuchukuliwa, notisi, na kiinua mgongo kama kinastahili. Vifaa virudishwe kwa orodha iliyosainiwa. Mwajiri atoe cheti cha utumishi kikiombwa, chenye tarehe za kuanza na kumaliza na aina ya kazi, bila neno la kumchafua aliyeondoka. Nasikitika ninapoona cheti kinazuiwa kwa chuki, kwa sababu kinamzuia mtu kula mahali pengine.

Kama bado hamjapatana, mfanyakazi aulizie muda wa kufungua malalamiko mapema, wiki ile ile. Sehemu nyingine muda huo ni mfupi mno, na maongezi ya "subiri tutakuita" mara nyingi hayausimamishi. Siku ya usuluhishi njooni na karatasi zenu zikiwa zimepangwa kwa tarehe, na kila mmoja awe na tarakimu anayoweza kuieleza mstari kwa mstari. Mwajiri amtume mtu mwenye mamlaka ya kukubali, asiye na haja ya kupiga simu kuomba ruhusa kila tunapokaribia kuelewana.