Kuvua kwa inzi bandia msimu wa baridi Uingereza: soma maji kabla ya kuvaa buti

Siku niliyorudi mikono mitupu kwa aibu kubwa kuliko zote tangu nianze kuvua huku ilikuwa siku nzuri ajabu. Theluji ilikuwa imeanguka juzi yake, sasa jua limetoka, matawi yanadondosha matone, hata glavu nilizivua. Nikajiambia leo ndiyo leo. Kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri nilirusha mshipi mpaka bega likauma, na sikuguswa hata mara moja. Mzee mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa alisimama darajani, akatazama fimbo yangu, akatazama mto, akasema "maji ya theluji," akaenda zake.

Nilimwelewa baadaye, niliponunua kipimajoto. Hewa ilikuwa imepata joto, lakini mto ulikuwa unapokea theluji inayoyeyuka kutoka mashambani, kwa hiyo maji yalikuwa yamepoa kuliko siku mbili kabla. Mimi nilikuwa nikifuata jua nililolisikia usoni. Samaki halisikii jua hilo. Damu yake ina joto lile lile la maji yanayomzunguka, na maji yakipoa ghafla, mwili mzima unapunguza kasi na hamu ya kula inakata.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyehamia Uingereza, na unaona wenzako wakisimama mtoni mwezi Januari ukadhani wamerukwa na akili, shika jambo moja kwanza: baridi yenyewe haiharibu uvuvi kama yanavyouharibu mabadiliko ya ghafla. Siku nne za sakitu mfululizo, anga tulivu, maji maangavu, zinaweza kukupa samaki wengi kuliko siku moja ya jua iliyokuja baada ya theluji. Mimi huangalia siku tatu zilizopita kabla sijaangalia utabiri wa kesho.

Kwa asiyeujua uvuvi huu, chambo hai hakitumiki. Ndoana hufungwa manyoya na nyuzi mpaka ifanane na mdudu, na kwa kuwa "mdudu" huyo hana uzito wa kutosha, kinachorushwa hasa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito. Mengine ni mazoezi ya mkono.

Kilicho wazi na kilichofungwa

Hili tulimalize haraka, ingawa ndilo litakalokuingiza matatani. Katika England na Wales, kila mwenye umri wa miaka 13 au zaidi lazima awe na leseni ya fimbo. Wa miaka 13 hadi 16 huipata bure lakini ni lazima waichukue. Inanunuliwa kwenye tovuti ya serikali kwa dakika chache. Ukikutwa huna, faini inaweza kufika pauni 2,500. Leseni hiyo haikupi ruhusa ya kuvua popote upendapo: karibu kila kipande cha mto kina mwenyewe, awe mkulima, klabu au shamba kubwa, na kwake unahitaji kibali cha siku au uanachama. Scotland hawana leseni ya fimbo isipokuwa eneo la mto Border Esk, ila kibali cha mwenye maji unakihitaji vile vile.

Trauti wa asili wa mtoni, yule wa kahawia mwenye madoa, tarehe za msimu wake hutofautiana kwa eneo, lakini kufikia Novemba amefungwa karibu kote, kwa sababu ndio wakati wake wa kutaga. Mtoni anabaki grelingi (Kiingereza grayling), samaki wa fedha mwenye pezi kubwa mgongoni. Kisheria yeye huhesabiwa pamoja na samaki wengine wa maji yasiyo na chumvi wasio wa jamii ya trauti na samoni, ambao mito ya England na Wales hufungwa kwao kuanzia 15 Machi hadi 15 Juni. Grelingi hutaga majira ya kuchipua, kwa hiyo Desemba na Januari yuko na nguvu zake zote. Mabwawani unamvua trauti wa upinde wa mvua, anayefugwa na kumwagwa humo, na mabwawa mengi madogo yako wazi mwaka mzima. Ukimnasa trauti wa kahawia mtoni kwa bahati mbaya, mrudishe pale pale bila kumtoa majini.

Mto upi, siku ipi

Mito ya huku, kwa mvuvi wa majira ya baridi, ni ya aina mbili. Kuna mito ya chaki ya kusini, kama Test, Itchen na Wylye. Maji yake ni mvua iliyozama ardhini ndani ya miamba ya chaki na kutoka tena kama chemchemi yenye nyuzi kama 10 au 11 za Selsiasi, kiangazi na kipupwe. Asubuhi ya sakitu utaona mto kama huo ukifuka mvuke kama sufuria. Karibu na chemchemi, samaki hajui kama ni Januari. Mito hiyo huchelewa kuchafuka na huchelewa kujaa, na ni pa kukimbilia wakati kwingine kote ni matope. Ubaya wake ni bei ya kibali, ingawa majira ya baridi hushuka sana ukilinganisha na Mei.

Kisha kuna mito ya mvua, ile inayoshuka kutoka milimani: Wharfe na Ure kule Yorkshire, Eden, Dee ya Wales, Tweed. Hii inapanda usiku mmoja na kushuka baada ya siku mbili. Usiende kwa kubahatisha. Serikali ina tovuti inayoonyesha kina cha mito kutoka vituo vya vipimo nchi nzima. Iangalie jioni na uiangalie tena asubuhi. Nautaka mstari wa grafu unaoshuka taratibu au uliolala. Ukiwa unapanda, nabaki nyumbani na kufunga ndoana. Rangi ya maji ninayoitafuta ni ile ya chai ya rangi iliyopauka, ambayo ukisimama kwenye maji ya magoti bado unaziona ncha za buti zako. Usipoziona, samaki naye haoni inzi wako, na wewe huoni shimo lililo mbele yako.

Tovuti itakwambia kina, haitakwambia joto. Ndiyo maana kipimajoto, kile kidogo cha kufunga kwa kamba, ndicho kifaa cha bei rahisi kilichonipa samaki wengi zaidi. Kizamishe dakika mbili, andika. Mtoni, nyuzi 6 na kuendelea natembea kwa furaha. Nyuzi 4 zilizodumu wiki nzima bado navua, ila polepole na kwenye vilindi. Zikiwa 4 leo na jana zilikuwa 7, nafunga safari ya dukani kununua mboga.

Na saa? Mwishoni mwa Desemba mwanga wa kusini mwa England ni wa takriban saa nane tu; jua linachomoza saa mbili asubuhi na kabla ya saa kumi jioni limezama. Usijitese alfajiri. Samaki hula kati ya saa tano na saa nane mchana, maji yanapopata nusu digrii ya ziada.

Kumtafuta grelingi

Grelingi ana pezi la mgongoni kubwa kama tanga, magamba ya fedha yanayogeuka zambarau ukimwelekeza kwenye mwanga, na mdomo mdogo unaotazama chini. Mdomo huo unakwambia anapokula: sakafuni. Majira ya baridi hukusanyika makundi, kwa hiyo unaweza kutembea mita mia mbili bila kitu, kisha ukanasa sita mahali pamoja pasipozidi ukubwa wa sebule. Ukimpata mmoja, usisogee.

Makundi hayo hukaa pale mkondo wa kasi unapoingia kwenye kilindi na kulegea, maji ya kiunoni hadi kifuani, sakafu ya changarawe. Inzi ninayemtumia zaidi ni wa rangi ya pinki au hudhurungi-waridi, aliyekunjika kama uduvi, kwa sababu uduvi wa mtoni ndio chakula kinachopatikana miezi yote. Frank Sawyer, aliyekuwa mlinzi wa mto Avon kule Wiltshire, alibuni inzi mmoja wa sufu na waya kwa ajili ya grelingi, na mpaka leo anafanya kazi. Uzuri wake ni kwamba hata mikono yangu mibovu inaweza kumfunga.

Uzito ndio kila kitu. Inzi mwenye shanga ya tungsteni, metali nzito, kichwani anazama haraka kabla mkondo haujampeleka. Namrusha juu kidogo ya nilipo, nainua fimbo ili mshipi mnene usiguse maji, kisha nafuatisha ncha ya fimbo kwa mwendo ule ule wa maji ya chini, ambayo huenda polepole kuliko ya juu. Hapo ndipo wageni wengi hukosea: wanafuata povu la juu, na inzi anaburutwa kasi kuliko mdudu yeyote wa kweli. Tazama kipande cha uzi wa rangi kilichofungwa mwisho wa mshipi, pale uzi huo unapoingia majini. Grelingi wa Januari havuti. Uzi unasimama tu, kama umegusa jani. Inua. Mara tisa ni jani au jiwe. Ya kumi, jiwe linatikisa kichwa. Na kama hugusi mawe kabisa, inzi wako ni mwepesi mno, badilisha hata kama vidole vimekufa ganzi.

Mabwawani

Maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4. Yakipoa zaidi ya hapo hupanda juu, na hatimaye huganda. Maana yake ni kwamba bwawa lenye kina, wakati wa baridi kali, lina joto zaidi chini kuliko juu, kinyume cha ulivyozoea, na trauti hushuka huko. Siku ya jua na upepo mwanana, baadhi yao hupanda tena mchana kwenye maji yanayopigwa jua. Mimi huanza chini na kupanda, nikihesabu sekunde tangu mshipi utue: 20, kisha 15, kisha 10. Nikiguswa, najua kina cha siku hiyo na nakirudia.

Wapo mabwawani wadudu jamii ya wale wanaotanda kama moshi juu ya Ziwa Victoria. Mabuu yao huishi kwenye tope la chini mwaka mzima, na mengine ni mekundu kwa sababu yana himoglobini kama damu yetu. Inzi mwembamba mwekundu au mweusi, akining'inia chini ya kiboya kwa kina kile ulichokihesabu, bila kuvutwa, ndiyo mbinu ya kuvumilia na kunywa chai. Inachosha kutazama kiboya, nakiri. Mwenye papara afunge inzi wa manyoya meupe au meusi, amvute polepole kwa kuukunja mshipi kiganjani kidogo kidogo. Ukidhani unavuta polepole, punguza nusu. Baada ya dakika 20 bila kitu, hama. Trauti hawa nao hutembea kwa makundi.

Ukikuta sehemu ya bwawa imeganda, vua kwenye ukingo wa barafu, usiikanyage kamwe. Barafu ya England haiaminiki hata ikionekana nene.

Mwili wako

Barafu itaziba pete za fimbo, zile mshipi unamopita. Chovya fimbo majini iyeyuke, au paka pete mafuta ya midomo kabla hujaondoka nyumbani. Usiivunje kwa kucha, utaharibu pete. Pamba mwilini ni kosa, ikilowa jasho inakuganda. Vaa sufu au nguo za michezo ndani, na usijaze soksi tatu kwenye buti: mguu uliobanwa hauzungukwi na damu na utaganda haraka kuliko wenye soksi moja nene.

Suruali ya kuingilia majini iwe na mkanda uliokazwa kiunoni, kwani ndio unaozuia maji yasiingie kwa wingi ukianguka. Beba gongo la kupimia mbele yako. Maji ya nyuzi 5 yakikupata ghafla, pumzi inakatika na kuanza kuhema bila hiari kwa dakika moja au mbili. Hapo watu humeza maji. Geuka chali, elea, subiri pumzi itulie, ndipo ujikokote ukingoni. Mwambie mtu mto unaokwenda na saa ya kurudi.

Na angalia unapokanyaga kwa ajili ya wengine pia. Kati ya Novemba na mwishoni mwa baridi utaona changarawe zilizosafishwa zikawa nyeupe kuliko zinazozizunguka, zenye kishimo na kituta nyuma yake. Hapo trauti na samoni wamefukia mayai. Pita mbali.

Grelingi ukimshika, mwache ndani ya wavu, wavu ndani ya maji, toa ndoana isiyo na mwiba kwa kidole kilicholowa. Hewa ikiwa chini ya sifuri, mashavu yake yanaweza kuganda kwa sekunde chache, kwa hiyo picha ipigwe akiwa majini. Mshike ameelekea mkondo mpaka aondoke mwenyewe. Grelingi huchoka sana na akiachwa mapema hupinduka.

Ukifika nyumbani, kagua buti na wavu, osha, kausha kabisa kabla ya kwenda mto mwingine, maana viumbe vigeni na magonjwa husafiri kwenye unyevu wa vifaa. Kukausha suruali hiyo mwezi Januari huchukua siku mbili au tatu. Yangu huning'inia bafuni, miguu juu, na wageni wameshashtuka zaidi ya mara moja.