Simu ikujulishe tenki linapokaribia kukauka

Tenki likiwa juu ya mnara, habari ya maji kuisha huletwa na bomba la jikoni, wakati mikono imejaa sabuni. NodeMCU ya ESP8266, bodi ndogo ya kompyuta yenye Wi-Fi, na maboya mawili vinatosha kuileta mapema kwenye Telegram.

Tafuta swichi mbili za boya (huwaka au kuzima maji yanapolipandisha au kulishusha boya), rezista mbili za kilo-omu 4.7, kapasita mbili za nanofaradi 100, waya wa mtandao wa kutumia nje na chaja ya simu ya volti 5, ampea 1. Wengi hukimbilia kipimo cha mawimbi ya sauti, lakini matone ya mvuke yakishika uso wake ndani ya tenki, vipimo huanza kurukaruka. Boya halina maringo.

Ning'iniza maboya kwenye bomba la PVC kupitia mfunikoni. Ubavu wa tenki usitobolewe. La chini likae sm 25 juu ya kitako, la juu sm 10 chini ya tundu la kufurikia. Boya likitoa taarifa kinyume, chomoa kizuizi chake, ligeuze juu chini, rudisha.

Boya la chini liende pini ya D5 ya bodi, la juu D6, waya wa pili wa kila moja GND (hasi). Rezista itoke kwenye pini kwenda 3V3 (chanya ya volti 3.3), kapasita kwenye pini kwenda GND. Usiziruke: waya wa mita 15 ni antena, na pampu ya jirani ikiwaka utapata ujumbe wa uongo. Epuka D3, D4 na D8, kwa sababu bodi huzisoma inapowaka. Boya likiwa limeunganisha D3 na GND umeme unaporudi, bodi itakaa ikisubiri programu mpya.

Kwenye Telegram, mwandikie BotFather, boti rasmi la kuundia boti, neno /newbot akupe tokeni, yaani ufunguo wa siri wa kuweka kwenye programu. Kisha wewe ndiye uanze kulisalimu boti lako, la sivyo haliwezi kukuandikia. Ruta iwe ya gigahezi 2.4, ESP8266 haioni 5. Programu itume ujumbe pale tu hali mpya inapodumu sekunde 10, maana maji hucheza yakijazwa.

Pampu usiiwashe kwa relei (swichi inayoendeshwa na bodi) ndogo ya ampea 10. Mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida, relei huganda, pampu inaendelea kusukuma. Hiyo ni kazi ya kontakta, swichi kubwa ya mota, na fundi umeme.

Nyumba za Raskazone, au popote Tanga upepo wa bahari unapofika, adui ni chumvi. Bodi ikae ndani, viungo vilehemiwe, visiwe vya kuchomeka. Silikoni inayonuka siki hula shaba. Nunua isiyonuka hivyo.

Umeme ukikatika hakuna ujumbe, na kimya hicho hufanana na tenki lililojaa. Weka salamu ya kila siku saa 12 asubuhi, saa ya bodi ikiongezwa sekunde 10800, yaani UTC+3, saa ya Afrika Mashariki. Salamu isipofika, panda mnarani ukaangalie.