Spea za chini ya pikapu zinakufa mapema? Tafuta kinachoziua kabla hujanunua nyingine

Hakuna kinachochosha kama kubadilisha bushi, zile raba za kwenye viungo vya chini ya gari, gari likatulia ukaanza kujisifu, halafu hata mwaka haujaisha ile ko-ko-ko inarudi, upande ule ule, kona ile ile. Ukirudi kwa fundi anasema spea za siku hizi feki, ukienda kwa aliyekuuzia anasema fundi wako hajui kufunga, wanarushiana mpira na wewe ndio unatoa hela. Kabla hujaamua nani muongo jiulize kitu kimoja, ile spea iliyokuja na gari toka kiwandani ilikaa muda gani? Kama ile ilikaa miaka na hii mpya imeondoka chapchap, basi kuna kitu kinaiua, na usipokitoa hata ukiweka OG, yaani orijino, yenye boksi na stika zake nayo itakufa tu.

Anza kwa kupima, spana baadae. Kuna watu wanabadilisha shokapu wakati kinachogonga ni stebilaiza linki, kile kijiti kinachoshika fito la kuzuia gari lisilale kwenye kona, moja ya spea rahisi huko chini. Gari likiwa limesimama kwenye tairi zake, mwambie mtu akae ndani atikise usukani kidogo kidogo kushoto kulia, wewe weka mkono kwenye tairodi endi, vile viungo vya mwisho vya fimbo zinazogeuza tairi, moja moja, iliyolegea utaisikia kwenye kiganja kabla hata hujaiona. Kisha inua upande mmoja, weka stendi, na hapa sitanii, usiingize kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwenzio akanyage breki ukiwa unatikisa, mchezo ukiisha hiyo ni bearingi ya habu, ukibaki kuna boli jointi hapo, kile kiungo cha duara kinachoshika tairi kwenye wishiboni.

Ila jeki unaiweka wapi? Hapa wengi wanadanganywa na gari lao wenyewe. Pikapu nyingi zenye wishiboni mbili mbele, ile mikono ya chuma ya juu na ya chini inayoshika tairi, springi au tosheni baa (fito la chuma linalojinyonga badala ya springi) inakandamiza wishiboni ya chini, kwa hiyo boli jointi ya chini ndiyo imebeba mzigo. Ukipiga jeki kwenye chesisi na tairi likaning'inia, springi bado inakandamiza na jointi inabaki imebanwa, unatikisa wee husikii kitu, unaambiwa iko poa. Jeki iwekwe chini ya wishiboni ya chini, karibu na jointi yenyewe, ndio jointi inapumzika na ulegevu unaonekana. Pitisha mtaimbo chini ya tairi unyanyue taratibu huku mwenzio anamulika tochi kwenye jointi. Na buti, ile raba inayofunika jointi, ikiwa imepasuka, hata kama jointi haijaanza kucheza ihesabu imeenda, maji na mchanga vishaingia na hakuna grisi itakayovitoa. Boli jointi ya chini ikiwa inacheza waziwazi usiliendeshe gari hilo, ikichomoka tairi linalala na usukani unabaki wa mapambo.

Sasa tuje kwenye bushi, maana huku ndiko hela nyingi zinapotea.

Chukua bushi ya wishiboni mkononi uitazame. Katikati kuna bomba dogo la chuma, nje kuna gamba la chuma, na raba iliyo katikati yao imegandishwa pande zote mbili. Ukikaza bolti, lile bomba la ndani linabanwa na masikio ya chesisi na haligeuki tena. Wishiboni ikipanda na kushuka hakuna kinachoteleza, ni raba inajinyonga huku na huku, na ilitengenezwa ijinyonge kidogo kila upande kuanzia pale gari linaposimama kawaida. Sasa angalia kinachofanyika gereji. Gari liko juu, tairi hazipo, wishiboni inaning'inia mpaka mwisho, fundi anapachika bushi mpya anachukua bunduki ya kukazia anapiga krrrr, kazi imeisha. Gari likishushwa, wishiboni inapanda, na raba ishajinyonga kabla hujatoka getini. Ukikutana na shimo inanyongwa zaidi, na zaidi, mpaka inachanika. Bushi iliyokufa hivi utaijua, imechanika kulizunguka lile bomba la ndani wakati raba yenyewe bado nyeusi na laini, haina hata nyufa za uzee. Ukiona hivyo muuza spea mwache, tatizo lilikuwa siku ya kufunga.

Dawa yake haina gharama. Kabla gari halijainuliwa, likiwa sehemu tambarare, chukua tepu upime kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madgadi juu yake. Tuseme umepata sentimita 52, andika kwenye kipande cha selotepu ya karatasi ubandike hapo hapo kwenye madgadi ili mtu asije kusema amesahau. Bushi mpya zikiingia, bolti zifungwe kwa mkono tu, ziwe zinagusa lakini hazijakaba. Pandisha wishiboni kwa jeki mpaka tepu isome 52 tena, ndipo ukaze kwa spana ya torki kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Kama gari linaanza kunyanyuka kutoka kwenye stendi kabla ya kufika kipimo, acha, rudisha tairi, shusha gari chini na ukazie likiwa limesimama kwa miguu yake. Bushi za macho ya springi za nyuma ni hivyo hivyo. Fundi akikwambia hizo ni habari za vitabuni mwambie kwa upole bosi wangu nifanyie tu hivyo hivyo vya vitabuni, gari ni langu.

Bushi za poli, zile ngumu za rangirangi, nyingi bomba lake linazunguka ndani kwa hiyo hazijali sana zilikazwa wapi, ila zinataka grisi yake maalum ya silikoni, ukizifunga kavu zitalia mpaka uchukie gari. Na zile za raba usizipake oili chafu eti kunyamazisha kelele, oili inavimbisha raba na kuilainisha, kelele inanyamaza wiki moja halafu unanunua bushi nyingine.

Shokapu nazo zina uonevu wake. Ikiwa na unyevunyevu mwembamba uliokamata vumbi pale juu karibu na fito, ile nondo inayoingia na kutoka, hiyo kawaida, usikimbilie kuibadilisha. Ikiwa oili inatiririka imelowesha mwili mzima, hiyo basi. Lakini nyingi zinauliwa siku ya kwanza, nati ya juu ikikazwa fito lote linazunguka, fundi anachukua plaizi analibana fito ili lisizunguke. Fito lile limeng'arishwa kwa kromu, na sili iliyo mdomoni inalipangusa kila likiingia na kutoka. Meno ya plaizi yakiacha mikwaruzo, kila safari ya fito inakwangua sili, na baada ya muda oili iko nje. Shokapu nyingi zina sehemu ya kushikia kwenye ncha kabisa, ama bapa za spana ama tundu la alenki, kwa nini uguse fito? Zile zenye matungi mawili zisimamishe wima uzipampu mara kadhaa kabla ya kufunga ili hewa itoke njiani. Halafu badilisha kwa jozi, kushoto na kulia pamoja, moja mpya na moja mzee zinavutana tu. Na angalia zile raba za kuzuia mgongano, bampa stopa, zikiwa zimemomonyoka shokapu mpya inagonga mwisho chuma kwa chuma kila ukiingia shimoni.

Nyuma kwenye springi za pasi pasi, zile za vyuma bapa vilivyopangwa, adui ni yu-bolti zilizolegea, zile za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli. Zikilegea pasi zinaanza kusagana na senta bolti, ile ya katikati inayoshikilia pasi pamoja, inabeba kazi isiyo yake, ikikatika ekseli inahama, utakuta gari linakwenda kiupandeupande kama kaa. Yu-bolti zikishafunguliwa weka mpya, maana zinapokazwa zinavutika na hazirudi zilivyokuwa. Kaza kwa msalaba, kidogo kidogo, na urudi kukazia tena baada ya kilomita 500 hadi 1,000. Hii ya kurudia karibu kila mtu anairuka.

Halafu kuna yale ambayo wenye magari tunajifanyia wenyewe. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna stika ya uzito, isome, na ujue kwamba abiria, bampa la chuma, boksi la zana na uzito wa trela unaokandamiza kwenye ndoano ya kuvutia nyuma vyote vinahesabika kwenye mzigo, sio kile tu ulichopakia bodini. Kuongeza pasi za springi hakuongezi uwezo wa ekseli, chesisi wala breki, kunaficha tu ule mlalo uliokuwa unakuonya.

Na kuinua gari. Sikatai, pikapu iliyoinuka inapendeza, lakini kila ukipandisha mbele kwa kukaza tosheni baa au kuweka spesa, boli jointi na shafti zinakaa kimshazari muda wote na wishiboni inabaki na nafasi ndogo ya kushuka. Kwenye pikapu nyingi ukipita inchi 2 hivi wishiboni za juu za kiwandani hazitoshi tena, zinahitajika zilizotengenezwa kwa kimo hicho. Ukiongeza na rimu zinazotokeza nje ya madgadi unakuwa umerefusha mkono unaovuta boli jointi na bearingi, kila shimo linakuwa zito kuliko lilivyokuwa. Anayefanya yote hayo halafu akalalamika jointi hazidumu, mimi sina cha kumsaidia zaidi ya kumwambia arudishe rimu za zamani.

Baada ya kubadilisha wishiboni, boli jointi au tairodi, peleka gari alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa tairi. Bila hivyo tairi inaliwa kwa meno meno, inaanza kutetemesha, na unadhani spea mpya imekufa tena.

Lakini sio kila mara kosa ni la fundi au lako, mara nyingine kiwanda chenyewe kilikosea. Mwaka 2005 Toyota iliita magari karibu 775,000 Marekani yarudishwe kutengenezwa, zikiwemo pikapu za Tacoma na Tundra, kwa ajili ya boli jointi za chini za mbele zilizoweza kuchakaa kabla ya wakati. Mwaka 2014 ikaita tena Tacoma takriban 690,000 za modeli 2005 hadi 2011 kwa sababu ya springi za nyuma, pasi ilikuwa inaweza kukatika kwa mkazo na kutu, ikahama mpaka kugusa tangi la mafuta. Kwa hiyo kama kitu hicho hicho kinakufa kwenye gari lako na umeshapima, umefunga sawasawa na hujapakia kupita kiasi, chukua namba ya chesisi uiulizie kwa kampuni ya gari au wakala wake. Matengenezo ya wito kama huo kwa kawaida hayalipiwi.

Spea yenye waranti ikifa, usiitupe na usimwachie fundi. Ipige picha ikiwa bado iko kwenye gari, uonekane upande na namba ya spea, kisha ukishaivua piga tena pale ilipochanika au ilipovuja. Risiti iwe na tarehe na kilomita zilizosomeka siku ya kufunga, kama muuzaji hakuandika kilomita ziandike mwenyewe hapo hapo mbele yake. Ukija na raba iliyochanika kwa kunyongwa atakukatalia, na kwa kweli ana haki, lakini ukija na shokapu iliyovuja na fito lake linang'aa halina mkwaruzo hata mmoja, hana pa kuanzia ubishi.